Afisa Asiyejulikana katika Picha ya Familia: Sare, Maneno na Kumbukumbu Kisiwani Mafia

Katika masanduku ya familia za Kisiwa cha Mafia, kama ilivyo katika mwambao mzima, hati za mashamba ya minazi na barua zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu huhifadhiwa pamoja na picha. Hati husema ni ya nani. Picha haisemi. Ugumu huzidi pale aliyepigwa picha anapokuwa amevaa sare, ana vifungo vinavyong'aa na mkanda kiunoni, na waliobaki hai wanakumbuka jambo moja tu juu yake, kwamba alikuwa mkubwa jeshini. Jina limesahaulika, au yapo majina mawili na kila tawi la ukoo linashikilia lake.

Swali la kumtambua mtu huyo si la udadisi mtupu. Nyuma yake mara nyingi lipo swali la nasaba, lipo swali la nani alikuwa upande gani wa vita, na wakati mwingine ipo heshima ya babu ambaye wajukuu wamesikia akisifiwa kwa cheo ambacho, kwa kanuni za jeshi lenyewe, hakuweza kuwa nacho. Mtafiti anayeanza na kanuni hizo humaliza kazi yake upesi: huiambia familia kwamba imekosea. Mhadhara huu unapinga haraka hiyo. Maneno ambayo familia humwitia mtu wake yana historia kama ilivyo na sare, nayo yapaswa kusomwa kwa tarehe zake. Sare ikisomwa bila maneno hayo hupotosha, hasa katika pwani ya Waswahili, ambako si kila aliyevaa nyota mabegani alikuwa mwanajeshi.

Kisiwa na majeshi yake

Mafia ni kisiwa kidogo, lakini kimepitiwa na majeshi mengi kuliko udogo wake unavyoashiria. Hadi mwaka 1890 kilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, ambaye kwa miaka mingi alitegemea askari wa Kibaluchi na Kiarabu chini ya majemadari wao, na ambaye tangu mwaka 1877 alikuwa pia na jeshi la mtindo wa Kizungu lililoundwa na Lloyd Mathews, afisa wa jeshi la majini la Uingereza. Kwa mapatano ya mwaka 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani, Mafia ikawa ya Wajerumani. Makao ya utawala wao yalikuwa kwanza Chole, kisha mwaka 1913 yakahamishiwa Kilindoni.

Mwezi Januari 1915 askari wa King's African Rifles, yaani KAR, walishuka kisiwani na kukishinda kikosi kidogo cha Wajerumani katika mapigano ya Ngombeni. Sababu ya kuitaka Mafia ilikuwa meli ya kivita ya Kijerumani, Königsberg, iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji tangu mwaka uliotangulia. Uwanja wa ndege ulitengenezwa kisiwani, na tarehe 11 Julai 1915 meli ndogo za mizinga za Kiingereza, Severn na Mersey, ziliiharibu Königsberg zikielekezwa shabaha na ndege zilizoruka kutoka Mafia. Kwa hiyo katika miezi michache tu kisiwa kiliwaona askari wa Kijerumani na askari wao wa Kiafrika, maafisa wa KAR na askari wao, mabaharia na marubani wa jeshi la majini. Mwaka 1917 kikosi cha 7 cha KAR kilipoundwa, kilikusanya askari wa Zanzibar pamoja na askari wa ulinzi wa Mafia. Vita vya pili, ambavyo wazee waliviita vya Hitla, viliwachukua vijana wa mwambao hadi Burma.

Mtu yeyote katika hao angeweza kusimama mbele ya kamera. Ndiyo maana jibu la haraka kwamba “huyu ni wa wakati wa Mdachi” halifai kukubaliwa wala kukataliwa kabla ya kuulizwa familia inalitumiaje neno Mdachi.

Cheo ndani ya neno

Neno linalotajwa zaidi ni afande. Asili yake ni Kituruki, efendi, nalo lilifika Afrika Mashariki kwa njia ya Misri na Sudani. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann alipokusanya jeshi la kupambana na upinzani wa pwani, sehemu kubwa ya askari wake walikuwa Wasudani walioandikishwa Cairo. Walikuja na vyeo vyao: ombasha, shaushi, betishaushi, soli, na juu ya wote, efendi. Katika jeshi la Wajerumani efendi alikuwa Mwafrika mwenye cheo cha afisa, nao walikuwa wachache mno. Baadaye, katika miaka ya 1950, KAR nao walianzisha cheo cha efendi kwa askari wa Kiafrika waliokuwa wamepanda juu ya usajini. Kati ya nyakati hizo mbili, na hata baada yake, neno lilikuwa limekwisha kutoka katika orodha ya vyeo na kuingia katika heshima ya kila siku. Askari mdogo humwita mkubwa wake afande, awe koplo au kanali, na raia humwita hivyo polisi aliyemsimamisha barabarani.

Basi mjukuu anaposema “babu alikuwa afande”, anaweza kuwa anarudisha neno la mwaka 1905, ambalo ni cheo, au la mwaka 1955, ambalo pia laweza kuwa cheo, au la wakati wowote kati yake, ambalo ni adabu tu. Familia haijasema uongo katika hali yoyote kati ya hizo. Kinachotakiwa ni kuuliza ni nani aliyemwita hivyo na katika maneno gani. Mke wake alimwita afande? Majirani? Au ni wajukuu waliolipata neno hilo redioni na kumvika babu yao?

Jemadari limekwenda njia nyingine. Katika ngome za Sultani jemadari aliwaongoza askari wa kikosi kimoja, na katika jeshi la Wahindi chini ya Waingereza, ambalo lilipigana Afrika Mashariki katika Vita vya Kwanza, jemadari alikuwa afisa wa ngazi ya chini kabisa. Kiswahili cha leo kimempandisha hadi kuwa kamanda wa majeshi. Msimulizi wa karne hii akisema babu yake alikuwa jemadari, msikilizaji humwona mtu aliyeongoza maelfu. Huenda aliongoza thelathini.

Lipo tena neno kepteni, au kapteni, ambalo katika kisiwa cha mabaharia lina hatari yake. Mwenye jahazi ni nahodha, lakini aliyeendesha meli ya moshi huitwa kepteni, naye pia huvaa koti lenye vifungo vya shaba na kofia yenye nembo. Sare za forodha, za bandari na za meli zimewahi kudhaniwa kuwa za kijeshi na watu waliozitazama picha miaka sabini baadaye.

Mtego mkubwa kuliko yote, hata hivyo, haumo katika jina la cheo. Umo katika kiunganishi kidogo kuliko vyote. Sentensi “babu alipigana na Wajerumani” ina maana mbili zilizo kinyume: kwamba walikuwa adui zake, na kwamba alikuwa pamoja nao vitani. Msemaji wa kwanza alijua alichokusudia, na wasikilizaji wake walijua. Kizazi cha tatu hupokea sentensi bila muktadha na kuchagua maana inayopendeza zaidi. Zaidi ya hayo, maana zote mbili zaweza kuwa kweli kwa mtu mmoja, kwani mwaka 1917 Waingereza waliunda kikosi cha 6 cha KAR kwa kuwaandikisha askari waliokuwa wamewatumikia Wajerumani. Mtu huyo angeweza kupigwa picha mara mbili, kwa sare mbili, na kila picha ikabaki kwa ndugu tofauti.

Sare chini ya kioo cha kukuzia

Baada ya maneno kusikilizwa ndipo picha itazamwe. Kabla ya kuhesabu nyota, yafaa kuhakikisha kwamba picha haikugeuzwa wakati wa kusafishwa. Negativu ikiwekwa upande usio wake, kushoto huwa kulia. Koti la mwanamume hufungwa upande wa kushoto ukilala juu ya wa kulia, na nishani huvaliwa kifua cha kushoto. Vyote viwili vikionekana kinyume, picha imepinduka, na mkono wenye tepe nao si ule unaoonekana.

Rangi nazo hudanganya. Filamu na vioo vya zamani vilikuwa na hisia kali kwa bluu na hafifu kwa nyekundu, hivyo nyekundu hutokea karibu na nyeusi na bluu hutokea nyeupe au kijivu hafifu. Askari wa Kiafrika wa Wajerumani walivaa tepe nyekundu kwenye mkono wa kushoto kuonyesha vyeo vyao. Katika picha tepe hizo ni nyeusi, na mtu asiyejua huzidhania kuwa za jeshi jingine. Utepe wa nishani wenye mstari wa bluu waweza kuonekana kana kwamba mstari haupo.

Kofia husaidia zaidi kuliko watu wanavyotarajia. Afisa wa Kijerumani wa Afrika Mashariki aliweza kuvaa kofia pana iliyokunjwa upande mmoja, yenye pambizo nyeupe. Rangi ya pambizo ilitofautisha makoloni, kwani ya Afrika Kusini-Magharibi ilikuwa ya bluu na ya Kameruni nyekundu. Askari wao walivaa tarabushi yenye kifuniko cha kaki na nembo ya tai. Askari wa KAR nao walikuwa na tarabushi ya kaki, lakini bila tai, na katika miaka ya vita vya kwanza miguuni mwao mara nyingi mlikuwa na makubadhi au hamkuwa na kitu, ilhali askari wa Wajerumani alivaa buti. Picha iliyokatwa magotini ili ienee katika fremu imepoteza ushahidi huo, na si ajabu sehemu iliyokatwa ndiyo iliyokuwa na jibu.

Nyota zahitaji tahadhari ya pekee. Katika jeshi la Uingereza nyota moja begani ni luteni wa pili, mbili ni luteni, tatu ni kapteni, na taji ni meja. Katika jeshi la Ujerumani la wakati ule luteni hakuwa na nyota hata moja, luteni wa ngazi ya juu alikuwa na moja, na kapteni mbili. Nyota mbili, basi, ni luteni au kapteni, kutegemea ni bega la nani. Rubani wa jeshi la majini hutambulikana kwa tai wa dhahabu kwenye mkono wa koti lake. Askari wa Kiafrika aliyerudi kutoka Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki aweza kuwa na alama ya kichwa cha kifaru begani, na alama hiyo peke yake huiweka picha baada ya mwaka 1943.

Hapa ndipo kanuni ngumu inapojitokeza. Waafrika wa KAR hawakupewa kamisheni kamili ya uafisa hadi ukoloni ulipokuwa ukingoni. Mrisho Sarakikya, aliyeliongoza Jeshi la Wananchi wa Tanzania tangu lilipoundwa mwaka 1964, alikuwa miongoni mwa Watanganyika wa kwanza kuipata, mwaka 1961. Kwa hiyo picha ya Mwafrika mwenye nyota tatu za Kiingereza mabegani, iliyopigwa miaka ya 1920 au 1930, si picha ya kapteni wa KAR. Mtafiti wa sare hukoma hapo na kusema kwamba mtu huyo aliazima nguo studioni. Mwanafunzi wa utamaduni wa Waswahili hapaswi kukoma hapo.

Jeshi la ngoma

Tangu miaka ya 1890, katika miji ya Lamu na Mombasa, na baadaye kusini kote katika pwani ya Tanganyika, palikuwa na vyama vya ngoma ya beni. Terence Ranger alivifanyia utafiti na kuchapisha kitabu juu yake mwaka 1975. Vyama hivyo viliiga bendi za kijeshi, vikapiga tarumbeta na ngoma, vikatembea kwa gwaride. Viwili vilivyojulikana zaidi viliitwa Marini na Arinoti, na ushindani wao uliingia kila mji uliokuwa na wafuasi wao. Viongozi walikuwa na vyeo: Kingi, Jenerali, Kanali, Kepteni. Walivaa sare za vyeo hivyo, zenye nyota, mikanda na wakati mwingine panga, na walipiga picha wakiwa wamezivaa.

Wakati wa vita vya kwanza beni ilisafiri pamoja na askari na wapagazi hadi bara, na baada ya vita watawala wa Kiingereza waliingiwa na hofu kwamba nyuma ya vyeo hivyo palikuwa na jeshi la siri. Hawakukuta jeshi. Walikuta watu waliochangiana mazishi na harusi, waliotoza faini kwa utovu wa nidhamu na walioshindana kwa karamu. Cheo cha beni kilikuwa cha kweli kwa maana kwamba kiligharimu fedha, kilileta wajibu, na mwenyewe aliitwa kwacho mtaani. Kepteni wa Marini hakuwa mtu wa mzaha mbele ya jirani zake.

Yafuatayo ni muhimu kwa familia yenye picha. Iwapo mtu aliye pichani ana alama zisizopatana, kwa mfano nyota za Kiingereza pamoja na tepe za koplo, au mkanda wa afisa juu ya kanzu, au nembo ambayo si ya jeshi lolote, basi hiyo si kasoro ya picha. Ndiyo kitambulisho chenyewe. Vilevile, wenzake waliosimama naye wakiwa wameshika tarumbeta, au wanawake waliovaa kanga za sare moja, huonyesha kwamba hilo ni kundi la ngoma. Hapo masimulizi ya familia kwamba babu alikuwa jenerali hurudi kuwa ushahidi mzuri, kwa sababu alikuwa jenerali kweli, na waliomkumbuka hawakuongeza kitu.

Kutoka picha hadi jina

Sare hutoa jeshi, mwaka na pengine cheo. Jina hutoka kwingine, na pa kwanza pa kulitafuta ni nyuma ya picha. Kadi iliyobandikwa picha huweza kuwa na chapa ya studio, kama ya A. C. Gomes wa Zanzibar au Walther Dobbertin wa Dar es Salaam. Picha iliyochapwa kama kartaposti na nyuma ikagawanywa kwa mstari, upande wa ujumbe na upande wa anwani, kama ni ya Kijerumani haitangulii mwaka 1905. Stempu yenye chapa ya G.R. MAFIA ni ya wakati wa utawala wa Kiingereza ulioanza 1915, ingawa stempu hizo hupendwa na wakusanyaji na kwa hiyo zimeghushiwa.

Maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu yasomwe na anayeyazoea. Herufi hizo, kama zilivyoandikwa na wengi, hazitofautishi vizuri p na b, wala v na f, wala e na i, na jina moja laweza kusomwa kwa namna tatu. Tarehe za Kiislamu nazo zigeuzwe kwa uangalifu. Mfunguo Tano wa 1333 ulianza Desemba 1914 na kumalizika katikati ya Januari 1915. Picha yenye tarehe hiyo imepigwa katika majuma yale yale ambayo kisiwa kilibadili watawala, na msomaji wa tarehe hiyo hana budi kuuliza siku, kwani mwezi peke yake hautoshi kusema bendera ilikuwa ya nani.

Nishani ikiwa bado ipo sandukuni, itazamwe ukingoni. Nishani za Kiingereza za Vita vya Kwanza zilichongwa namba, cheo, jina na kikosi cha aliyepewa. Za Vita vya Pili kwa kawaida hazikuchongwa. Familia kadhaa zimewahi kusugua nishani hadi ing'ae na kufuta kilichokuwa jibu.

Nyaraka za serikali zina mapengo yake. Kumbukumbu za Kijerumani zilizobaki nchini zimo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na za Wizara ya Makoloni zimo Berlin, lakini hazina ya jeshi la Prussia iliyokuwa Potsdam iliteketea kwa mabomu mwezi Aprili 1945. Kwa afisa Mzungu pengo hilo huzibwa na magazeti na orodha zilizochapwa. Kwa Mwafrika halizibwi kwa urahisi. Ripoti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyotolewa mwaka 2021, ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Sanamu ya askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 ni ya askari asiye na jina.

Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa malimbikizo ya mishahara askari wa zamani waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba mamia ya wazee walifika Mwanza, wachache wakiwa na vyeti, wengine na vipande vya sare. Asiye na uthibitisho alipewa ufagio na kuamriwa kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki, na hakuna aliyeshindwa.

Mtu aliye pichani hawezi kupewa ufagio. Lakini mara nyingi hayuko peke yake: yupo mtoto aliyeshika kiti, yupo mtumishi mlangoni, ipo baraza ya nyumba, upo mwembe. Pat Caplan, aliyeanza utafiti wake kaskazini mwa Mafia mwaka 1965 na kurudi mara nyingi kwa miongo iliyofuata, ameonyesha jinsi ukoo wa Kimafia unavyofuatwa kwa baba na kwa mama pia, na jinsi mtu mmoja anavyoweza kuwa wa makundi kadhaa ya nasaba. Kwa sababu hiyo mzee wa kijiji kingine, ambaye haitambui sura ya afisa, aweza kuitambua baraza, au kumtambua mtoto aliyeshika kiti kuwa ni shangazi yake. Mtoto akishajulikana, umri wake huupa mwaka wa picha, na aliyemweka mbele ya kamera huwa ni mmoja katika watu watatu au wanne ambao majina yao bado yanatajwa katika ndoa na mirathi. Nakala ya picha ipelekwe kwa wazee hao ikiwa nzima, bila kukatwa, na kila jina litakalotajwa liandikwe kwa penseli laini nyuma ya nakala pamoja na jina la aliyelitaja na tarehe, likiwamo na lile linaloonekana wazi kuwa si sahihi.